Mashine ya Ikram na Kisu Changu

Kilole, Korogwe
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Mwaija,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii imekukuta salama, na lile goti limekuachia walau ufike shambani bila fimbo. Watu wa Sindeni wote hawajambo? Mihogo imeshika, au ngedere wamekutangulia tena? Huku kwetu Hafsa hajambo, watoto wanakwenda shule, na mimi mwili wangu ni mzima. Kinachoniuma hakiko mwilini, na ndicho kilichonikalisha mezani na kalamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Alhamisi ulinipigia ukaniuliza mdogo wetu Ikram ana nini, mbona amekuja kwako na begi lake, anakula matonge mawili ananawa, na anasema Jumamosi ijayo anarudi Mwanza moja kwa moja. Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Ila simu yako huwa unaiweka sauti ya juu mpaka ua mzima unasikia, na Ikram alikuwa hapo hapo. Kwa hiyo vaa miwani, ingia chumbani, usome peke yako.

Unanijua mimi na mto. Miaka ishirini na miwili sasa, kila kiangazi maji ya Ruvu, huu mto wetu wanaouita Pangani, yakipungua na bata maji wakishuka kwenye mafunjo chini ya mashamba ya mpunga, mimi na Ponsiano tunaingia kuwinda. Ponsiano unamkumbuka, yule ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge, mumewe Stefania. Bunduki ni yake na kibali ni chake, na kibali kina idadi ya ndege, ukiimaliza umemaliza. Mimi nilikuwa na vitu viwili: pondo la kusukumia mtumbwi, na kisu. Ponsiano akipiga, nasukuma mpaka alipoangukia ndege, namwahi akiwa hai, nasoma bismillah, nachinja. Nisipomwahi ni kibudu, anakwenda kwa Stefania, kwao wao halina neno. Hapa Kilole nyama iliyotoka mkononi mwangu hakuna anayeiuliza swali, hata imamu haulizi. Hiyo ndiyo heshima yangu katika mji huu, na sina nyingine.

Ikram aliporudi kutoka Mwanza mwaka jana, baada ya kufanya kazi za boti ziwani miaka yote ile, nilimpokea kwa mikono miwili. Wewe mwenyewe ulisifu. Mwezi wa sita mwaka huu Ponsiano akasema anaona aibu, nusu ya ndege wanakufa kabla sijawafikia, na nyumba yake inanenepa kwa hasara ya nyumba yangu. Akasema tutafute mashine ya boti inayopita kwenye maji ya kina kifupi. Nikakubali haraka, maana moyoni nilijua wa kuichagua ni mimi. Nani anayajua maji yale kunizidi? Nilikuwa nimeshaiona moja Pangani mjini, inasimama wima nyuma ya boti, imeng'aa, ina heshima. Nikaitangaza mpaka kwa kinyozi.

Ikram akaniuliza taratibu maji yana kina gani. Nikamjibu maji ni maji. Hakubisha, akaniomba pondo langu, akazunguka nalo siku mbili kwenye mafunjo. Kila mahali alipolichomeka alifunga uzi pale maji yalipoishia. Kisha akalilaza uani kwa Ponsiano na kutueleza kwamba sehemu nyingi maji hayafiki goti, na kwingine ni tope lililolowa tu. Mashine ya kusimama wima, alisema, inashusha propela yake chini sana, italima tope kama trekta na kuzongwa na magugu siku ya kwanza, halafu inajipoza kwa maji inayoyavuta, kwa hiyo itavuta matope. Ipo ya mkia mfupi, ina nguvu na mbio, lakini ni nzito, mtumbwi wetu utakaa matako chini, na kifaa kikivunjika tutakisubiri kutoka Dar. Iliyotufaa kwa maoni yake ni ya mkia mrefu: injini kama zile za kuvutia maji ya mpunga, inajipoza kwa upepo, shafti yake ndefu inalala nyuma karibu na uso wa maji, ukikuta gogo unainyanyua kwa mkono unapita. Na ikiharibika, fundi yeyote wa Korogwe anaijua.

Ponsiano alitikisa kichwa kukubali mpaka kofia ikataka kuanguka. Mimi nilikuwa nikiliangalia pondo langu, limefungwa nyuzi mwili mzima, limegeuzwa rula.

Dada, nilimwonea wivu. Naliandika neno lenyewe ili nisije nikalizunguka. Na wewe unajua halikuanza na mashine. Mimi nimemtangulia miaka mitano, lakini yeye ndiye aliyemaliza juzuu kwanza, na mzee akawa anamwita asomee wageni huku mimi nikipitisha maji ya kunawa. Nilidhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamelala tu.

Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Siku ya kwanza ile mashine ilipita juu ya tope kama kenge. Tulipata ndege sita, na wote sita niliwawahi wakiwa hai. Kilole wakala bata wa nazi, wakasifu mashine ya Ikram. Mke wangu Hafsa, akinyonyoa manyoya, akasema kumbe miaka yote hii tulikuwa tunapunjwa na pondo. Alikuwa anatania, na mimi nikasusa chakula nikasingizia jino. Ponsiano naye, ambaye kila siku alikuwa akiniuliza mimi leo tupite wapi, akahamisha swali lake nyuma kwa mshika mashine. Mimi nikabaki mbele na kisu changu, nimekaa kama mzigo unaosubiri kushushwa.

Kuanzia safari ya tatu ndege wakaanza kufa. Tukimfikia mmoja, nampokea, nawaambia tumechelewa, huyu kibudu. Tukimfikia mwingine, kibudu. Nikawaambia ni ule mngurumo, unampasua moyo ndege aliyejeruhiwa kabla kisu hakijafika. Mtu wa miaka ishirini na miwili akisema hivyo nani atabisha? Ikram alihangaika, dada. Alibadilisha bomba la moshi, akalizungushia gunia lililoloa, akawa anazima injini mapema tukajiendea wenyewe kwa kasi iliyobaki. Ndege wakaendelea kufa. Kufika safari ya sita, kati ya bata kumi na wanne nilikuwa nimechinja watatu. Msikitini wakaanza kusema kile chombo hakina baraka. Wenye kunisemesha walinisemesha kwa huruma, na nitakuwa mwongo nikisema huruma ile haikunipendeza.

Ndipo Ikram akaifungua mashine, akaifunga kwenye turubai, akaileta stoo kwangu. Aliniomba radhi. Alisema ameniharibia kazi niliyoijenga kabla yeye hajaota ndevu, na kwamba alitaka kunipunguzia kuchoka mgongo tu. Kesho yake akapanda basi kuja kwako.

Sasa sikiliza, dada yangu. Ndege wale hawakuwa wamekufa.

Wa kwanza alikuwa bado anapiga maji kwa mabawa. Ikram alitufikisha upesi kuliko siku zote. Nilimwinua, moyo wake ukawa unakimbia kwenye kiganja changu. Wakati huo huo Ponsiano, nyuma yangu, akamwambia Ikram kwamba kwa mashine hii hata yeye mzee anaweza kuwa nahodha, wakacheka. Hawakunicheka mimi. Lakini nilisikia kama wananicheka, nikamkunja shingo yule ndege chini ya ukingo wa mtumbwi, nikageuka nikasema kibudu. Ikram akainamisha uso. Nilipouona umeinama nikapata raha, na raha ile ndiyo iliyonirudisha safari ya nne, ya tano na ya sita.

Na bado sijafika chini kabisa. Safari ya tano mmoja sikumkunja vizuri. Aliamka jikoni kwa Stefania, akamwaga sufuria ya maharage, akatoka mbio uani. Jumatatu Ponsiano akaja kwangu peke yake. Nilijua nimekwisha. Lakini hakuja kwa ugomvi, alikuja kwa adabu, ameshika kofia mkononi. Alisema hajamwambia mtu, hata Ikram. Alisema yeye dini yetu haijui, na hataki kulisemea asilolijua. Akafikiri labda kwetu kuna dalili nyingine, labda ndege anaweza kuwa anapumua na bado akahesabiwa kibudu. Akaniomba nimweleweshe.

Nikamwambia ndiyo, ipo dalili.

Akashukuru, dada. Akaenda nyumbani akamkataza Stefania asilicheke tena jambo la dini ya watu. Mimi nikabaki mlangoni. Nimemwonea mdogo wangu, nimeua ndege wa Mungu bure, na nimeisingizia dini mbele ya mtu anayeiheshimu kuliko nilivyoiheshimu mimi siku hiyo. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mashine ambayo hata mimi naipenda. Mara mbili nimefunua turubai stoo kuiangalia.

Jana nilikwenda kwa Ponsiano nikamwambia yote. Alikuwa anasafisha bunduki. Akaifuta mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeshamwambia Ikram. Nikasema bado. Akasema basi nimeanza na nyumba isiyo yenyewe, akaingia ndani.

Kwa hiyo Alhamisi nakuja Sindeni kwa basi la asubuhi. Barua hii naitanguliza kwa kondakta kwa sababu najijua. Nikija bila wewe kujua, nitakunywa chai, nitauliza habari za mahindi, nitaaga, na Jumamosi Ikram atapanda gari la Mwanza akiamini mikono yake ndiyo iliyoharibu. Ukiniona naanza habari za mahindi, nikatize. Na Ijumaa, arudi nami au akatae, nitasimama baada ya swala niwaambie watu wa Kilole wenyewe. Wakininyang'anya kisu watakuwa wamenitendea haki.

Usidhani wivu umekwisha. Hapa ninapoandika ninawaza jinsi atakavyoupokea ujumbe huu, na najua ataupokea kwa uungwana. Ndiyo maana nakuomba jambo moja tu, lumbu wangu: usimwambie kwamba nakuja. Ukimpa siku hizi tatu atajiandaa kunisamehe vizuri, na hata hilo atanishinda. Nataka nimkute hajajiandaa, anitukane kwanza.

Hafsa anakusalimia sana, hajui kilichomo humu ila amenikuta mara mbili nikichana karatasi. Watoto wanakuamkia shikamoo. Wasalimie majirani wote wa hapo, na goti usilisahau kulikanda kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Mhina