Siku ya Thelathini Baada ya Upasuaji

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanigombeza hukohuko uliko.

Bado niko huku China, Guangzhou, najifunza upasuaji. Ule udadisi wangu uliokuwa unakukera sasa umepata kazi! Sisi madaktari tunaojifunza, wa hospitali nyingi, nyingine huko kwetu Dar, tumejiunga tufanye utafiti wenyewe, bila kusubiri maprofesa. Swali ni moja tu: siku ya thelathini baada ya upasuaji, kidonda kimepona? Kila mmoja anawauliza wagonjwa wa wodi yake, kisha tunajumlisha. Nasubiri majibu kama mtoto aliyekaa karibu na chungu.

Mimi nimepewa wagonjwa ambao ni wafanyabiashara wenzako wa mtaa wa Xiaobei. Loo, hawapokei simu! Mwenzangu mmoja akasema asiyepokea tumwandike "amepona", maana angeumwa angerudi. Nikacheka, kisha nikakataa. Nilikukumbuka: "Anayepiga simu bila salamu ana shari. Nitumie ujumbe wa sauti."

Basi nikamtumia sauti Mama Rukia, mnunuzi wa mikoba kutoka Unguja, wa mwisho kwenye orodha yangu. Nikaanza na watoto, nikaja kwenye mzigo, kidonda mwishoni kabisa, kama ulivyokuwa ukibembeleza bei kule soko la mikoba la Shiling. Akajibu: "Mwanangu, kinatoa usaha, ila kontena langu linafungwa Ijumaa." Nikamfuata mwenyewe barabara ya Huanshi, nikamrudisha wodini. Anaendelea vizuri, na ananiita polisi.

Sasa, Baba, nikwambie linaloniuma. Ulipopasuliwa ngiri hapa, siku ya thelathini daktari kijana alikupigia. Hukupokea, akanipigia mimi. Wewe ulikuwa umeniambia, "Mimi mzima, niache nihangaike na mikoba yangu." Nikamjibu: amepona. Wiki ileile ukaanguka, sumu ya kidonda ikiwa imeshaingia kwenye damu, na hukuamka tena. Mimi niulizaye kila kitu, hilo sikuuliza! Kilikuwa kinauma, Baba? Ulikuwa unakifunga na nini ili nisione?

Jana nilimtafuta yule daktari. Kumbe naye alikuwa kwenye utafiti kama wetu, na kwenye orodha yake wewe bado ulikuwa umeandikwa "amepona". Nikamwambia ukweli. Akasahihisha mbele yangu, tukalia wote wawili.

Pumzika, Baba. Nakuahidi: mgonjwa akiniambia ni mzima, nitamwomba anionyeshe kidonda.

Mwanao,
Saida