Mlango Wenye Tai

Aabo,

Salamu zikufikie hapo ulipolazwa ukielekea kibla, wewe na jirani zako wote wa makaburini. Ni mimi, binti yako Hodan. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali ni cha nyumba nzima, lakini Kiswahili kilikuwa chetu wawili, cha gereji. Wewe ulikiokota kwa madereva wa malori ukiwa na mvi tayari. "Hodan, lete sbana." "Hii bikabu itatembea." Nilikucheka kila P ilipokugeukia B, nawe ukasema, "Cheka tu, gari imeelewa."

Nina habari za kukupa, na nina jambo la kukiri. Naanza na habari, maana nikianza na lile lingine sitaimaliza barua.

Mama, Hooyo wetu, bado yuko edani. Amevaa nyeupe, hatoki, na hali chakula mpaka nimkazie macho. Yule mbuzi wako mweusi mkorofi amezaa pacha na bado anapiga watu pembe. Pale uani kwetu mtaani Iftin, gereji yetu chini ya turubai, doa lako la oili liko palepale. Adeer Bare alitaka kulifukia kwa mchanga, nikamfukuza na spana mkononi. Ndugu yako wa tumbo moja, Aabo, na ningempiga kweli. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi. Yusuf mdogo wangu nilimzaba kofi kwa kukalia stuli yako tu.

Unakumbuka pikapu ilivyokuja? Ilivutwa kwa trekta, sakafu imeliwa na kutu, kuku ametagia mayai kwenye injini. Ulisema tutakula mayai kwanza, injini baadaye. Mwaka mmoja na nusu tuliigeuzageuza. Watu walipita wakiuliza msichana na gari wapi na wapi, nawe ukawajibu bila kuinua kichwa, "Mikono yake ni midogo, inafika ambapo yangu haifiki." Nikilazimisha nati ulinigonga kisigino kwa kiatu chako. "Bole bole, Hodan. Nati haikimbii."

Kilichokosekana mwishoni kilikuwa mlango wa dereva.

Tuliukuta kwa wauza vyuma chakavu, wa kijani, umechorwa tai wa manjano aliyetandaza mbawa na kufungua mdomo. Uliugonga kwa vidole, ukaupima kwa shibiri, ukajaribu kitasa. Aabo, wewe hukuwahi kununua ngamia bila kumzunguka mara tatu, ukasoma chapa ya shingoni, ukauliza alikuwa wa nani na alitokaje mkononi mwake. Mimi mwenyewe ulinifundisha chapa za koo zote kwa kuchora mchangani kabla sijajua herufi. Mlango ule ulikuwa na chapa kubwa kuliko ya ngamia yeyote, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Tuliuliza kama unafunga vizuri.

Nyumbani ulikoroga rangi nyeupe. "Rangi moja, bikabu moja," ukasema. Nami nikakushika mkono. Hilo ndilo ninalokiri. Nilikushika mkono wenye brashi nikakusihi umwache tai, nikasema atakuwa alama yetu, barabara nzima ya Ijara watatujua. Ulisimama, rangi inadondokea makubazi yako, kisha ukaitia brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. Hukuwahi kuninyima kitu. Ungekuwa baba mkali, Aabo, ungekuwa hai.

Sasa nakuambia ulichokiona na usichokiona.

Safari yetu ya kwanza, tunampelekea Eddo, dada yako, unga na sukari Sangailu. Kwenye lile lambo la maji alisimama kijana na mbuzi wake, bunduki begani. Ulipunguza mwendo umsalimie, kwa sababu wewe ulikuwa unasalimia hata miti. Yeye hakukutazama usoni. Alitazama mlango. Niliyaona macho yake yakitoka bawa hili kwenda bawa lile. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayesoma, "Ndilo gari lililomwua Abdi."

Risasi tatu, zote kwa tai. Vioo viliniingia mdomoni. Uliniangukia mapajani mzima mzima, na mguu wako ukabaki kwenye pedali ya mafuta, tukaenda kuvamia mti wa mgunga. Damu yako ilikuwa ya moto. Niliiziba kwa ushungi, kwa viganja, kwa goti, ikatokea kwingine. Kijana akaja mbio kutumaliza. Akaufungua mlango kwa nguvu, akaona mzee na msichana. Ana umri wangu, Aabo. Ana vinywele vitatu vya ndevu. Akaweka mkono kichwani akasema, "Hawa sio wao." Kisha akakimbia, akawaacha hata mbuzi wake.

Niliendesha mimi. Gia ya pili ilinikataa, nikailazimisha, nikasubiri unigonge kisigino. Hukunigonga. Zahanati ilipoonekana ulikuwa umeshapoa mikono.

Tangu saa ile nilijua. Watu waliponiuliza nilisema tumepigwa risasi lamboni, basi. Sikusema kwa nini, kwa sababu aliyesema kwa nini angelazimika kusema nani aliizuia brashi.

Siku ya nne baada ya kukuzika, asubuhi, Adeer Bare akaja na wanaume sita na bunduki mbili kwenye gunia. Walitaka pikapu, maana ndiyo inayouweza mchanga wa kule. Alisema hana haja ya kumtafuta aliyepiga mwenyewe, wa kwanza watakayemkuta wa ukoo unaonywesha mifugo pale lamboni anatosha. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nikampa.

Usinionee huruma kwa hilo. Sikulazimishwa. Nilimpa kwa mkono wangu, nikajaza maji ya rejeta mimi mwenyewe, nikapima oili, nikifikiria mama fulani Sangailu akipiga mayowe kama nilivyopiga mimi. Ilinipendeza. Nilitaka niende nao nikaone.

Kisha wakaanza kupanda. Adeer akashika kitasa, yale matundu matatu chini ya kiganja chake, na nyuma yake wanaume na mitutu inachungulia kwenye gunia. Nikaliona. Tai yuleyule, watu wenye silaha kama wale waliomwua Abdi, wanakwenda kuua asiyehusika. Pikapu yetu, Aabo, ile iliyotagiwa mayai, ilikuwa imegeuka kuwa lile gari ambalo yule kijana alidhani ndilo. Nilikuwa nimeijazia maji mwenyewe.

Nilisimama mbele ya boneti, nikasema yote. Mlango, chapa, brashi, Abdi. Niliyasema mbele ya wanaume, bila kufuta kamasi.

Adeer Bare alinipiga kofi. La pili lilinilegeza jino, bado linacheza. Akainua mkono mara ya tatu, na hapo sauti ya Hooyo ikatoka nyuma ya pazia, haina hata haraka.

"Bare, kama unamtafuta aliyemwua mume wangu, yuko hapo mbele yako. Anza na huyo."

Mpaka leo sijui kama alinikinga au alinitoa kafara. Tunalala chumba kimoja na sijamuuliza. Lakini mkono wa Adeer ulishuka. Aliketi kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kofia yake, akalia kwa sauti mbaya, na wanaume wakateremka mmoja mmoja bila kuangaliana.

Adhuhuri ile nilichukua nyundo kubwa. Nilimponda tai mdomo, nikamponda mbawa, nikamponda pale uliposhika wewe na pale aliposhika yule kijana, hadi watu wanasali alasiri. Viganja vilichubuka, Yusuf akajificha kwa jirani. Na nilipotaka kuung'oa mlango, Aabo, niliweka nyundo chini nikaenda kutafuta spana namba kumi na nne. Nilijua hungenisamehe kwa kuharibu nati.

Wazee wamekwenda Sangailu, wamerudi, wamekwenda tena. Ni kweli kulikuwa na Abdi, kaka wa yule kijana, aliyepigwa risasi palepale lamboni na watu wa pikapu ya kijani yenye tai. Baba wa kijana amempeleka polisi yeye mwenyewe, kwa mguu. Wazee wanasema damu imesimama. Mimi sijamsamehe. Kuna siku namsamehe hadi chakula cha mchana tu. Mimi mwenyewe sijajisamehe hata hadi hapo.

Wiki iliyopita nilimpelekea Eddo unga wake. Upande wa dereva nimefunga kamba tu, vumbi lote langu. Nilipofika lamboni nilipunguza mwendo kama ulivyokuwa ukipunguza. Walikuwepo watatu na mifugo yao. Waliniona mwili mzima, kuanzia ushungi hadi ndara. Nikatoa salamu. Mmoja akainua fimbo akaitikia, wengine wakatazama maji.

Sasa nenda ukapumzike, Aabo, nimekuweka sana. Allah akupanulie kaburi lako. Ahadi yangu ni hii: nitatafuta mlango mwingine, na kabla sijaugusa nitauzunguka mara tatu, niulize ulikuwa wa nani na ulitokaje mkononi mwake. Asiyejua kunijibu abaki nao.

Halafu nitaupaka. Brashi yako bado iko kwenye lile kopo la mafuta ya taa. Nimeibonyeza leo asubuhi, ni laini. Rangi moja, bikabu moja, na safari hii hakuna atakayekushika mkono.

Binti yako,
Hodan