Herufi Sita za Mstari wa Chini

4 Machi

Mjukuu wangu,

Nina jambo nimelificha miaka thelathini na moja: siku zile za kurusha ndege, macho yangu yalikuwa hayaoni mbali, na mimi nilijua.

Marahaba. Mimi ni mzima wa kujikongoja. Mama yako ananigeuza kitandani asubuhi na jioni kama mtu anayekausha nguo. Wewe je, kizunguzungu kimekuacha? Hicho ndicho kilichonifanya niombe kalamu. Umeniandikia kwamba kichwa kinazunguka ukiinuka ghafla, kwamba daktari hujamwambia asije akazuia cheti chako, na kwamba Jumamosi utaruka peke yako upite juu ya nyumba hii kabla sijaondoka duniani. Ukamalizia: "Roho ni yangu, Babu."

Maneno hayo niliwahi kuyasema. Kila mwaka daktari wa klabu yetu ya ndege alitupima macho kwa ubao uleule. Mstari wa chini nilikuwa siuoni, basi nikaukariri. Mwalimu wa hesabu hashindwi na herufi sita: T, Z, V, E, C, L. Majina ya dawa zangu nimeyasahau, hizo bado ninazo. Daktari akapiga muhuri, akasema, "Macho ya kijana haya!" Tukacheka wote wawili.

Niliona ni hatari yangu mwenyewe. Lakini ndege ilikuwa na viti viwili, na siku nilipotua nikaishia mtaroni, bibi yako alikuwa kwenye kile cha pili. Mkono wake wa kushonea haukunyooka tena. Utasema wewe utakuwa peke yako. Chini yako kutakuwa na paa, na mama yako yuko uani anaanika mashuka yangu.

Jumamosi usiruke. Nikifa hujapita, nitakuwa nimekufa tu, hujanikosea.

Babu yako

*

13 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini umepata usingizi na kikohozi kimepungua. Mimi sijambo, ila nilikukasirikia siku tatu nzima. Jumamosi nikaenda uwanjani hivyo hivyo.

Mkufunzi wetu tunamwita Kipimo, kwa sababu hata mshale wa mafuta ukionyesha tangi limejaa, yeye hutumbukiza kijiti ahakikishe. Ufunguo wa ndege hautoi mpaka akuulize swali lake, nawe umjibu ukimtazama usoni.

"Umeamkaje, rubani?"

"Salama."

"Sijakuamkia. Nimeuliza umeamkaje."

Babu, nilifungua mdomo niseme uongo, nikakumbuka zile herufi sita. Nikamwambia. Akautia ufunguo mfukoni. "Haya, ninunie. Afadhali uninunie hapa kuliko nikakuokote kule."

Daktari anasema ni sikio la ndani, linatibika. Nikae chini wiki sita. Nililia kwenye gari, nikaona haya, nikanyamaza.

Lakini kuna kitu sijakielewa. Nyumbani tumekua tukiambiwa uliishia mtaroni kwa sababu fundi wa klabu aliacha breki mbovu. Kama ulikuwa huoni, breki zinaingiaje? Fundi yule bado yupo, amezeeka. Huja uwanjani kila Jumapili, akasimama nje ya uzio. Ndani haingii.

Mjukuu wako

*

17 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako mama yako amenisomea mara mbili. Ile ya pili ni kwa kuwa nilijifanya sikusikia vizuri. Wiki sita si kitu. Nitajitahidi nisife ovyo.

Kuhusu breki, leo nimechoka. Nitakuandikia nikipata nguvu.

Babu yako

*

28 Aprili

Shikamoo Babu,

Unaendeleaje? Mama anasema siku hizi unakunywa uji tu, tena kwa kubembelezwa. Mimi nimepona. Daktari amenizungusha kwenye kiti chake kama pia, nikasimama wima, akapiga muhuri. Jumamosi hii saa nne asubuhi, hali ya hewa ikiruhusu, nitapita. Isiporuhusu nitapanda basi, nije nikulalamikie.

Jumapili nilikuwa naikagua ndege. Fundi akaniita kutoka ng'ambo ya uzio: "Wewe binti! Tairi la kushoto halina upepo wa kutosha." Nikapima. Kweli. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani. Akasema, "Mwambie mwalimu namuulizia hali."

Sikuulizi tena, Babu. Nakufikishia salamu tu.

Mjukuu wako

*

3 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba, rubani. Nilikusikia kabla sijakuona. Mama yako alinikalisha dirishani na mito minne. Ulipoinamisha bawa, aliangusha beseni la nguo akapiga vigelegele, yeye aliyeapa kwamba hatatazama. Mimi niliona doa jeupe tu linapita. Lilinitosha.

Nguvu nilikuwa nazo siku zote. Nilichokosa ni uso wa kumtazama Fundi. Sasa chukua maneno haya. Jumapili mwombe Fundi aingie ndani ya banda la ndege, mpe kiti, kisha uyasome mbele ya wanachama wote, kwa sauti, Kipimo akiwepo.

Mimi, mwalimu, siku ile sikuuona mwisho wa njia ya kutulia ndege. Niligusa ardhi nikiwa nimeshapita nusu yake, na hakuna breki duniani ambazo zingetusimamisha. Waliponitoa mtaroni waliniuliza kulikoni. Fundi alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa mke wangu uliovunjika, akiufunga kwa shati lake. Nikamnyooshea kidole, nikasema ni breki. Alifukuzwa wiki ileile. Hakuwahi kuja kuniuliza kwa nini, nami nikauita ukimya wake ushahidi.

Fundi, namaliza kwa lile nililopaswa kulisema siku ile. Breki zilikuwa nzima.

Babu