Muulize Muuza Mnazi

Wewe Musyoka, wiki sita umezunguka Kilifi nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga, ukaacha mlango mmoja tu, ule unaouingia kila siku. Nimekasirika. Wasomaji, someni barua yake kwanza, mimi nitakutana naye hapo chini.

*Bibi Hannah, shikamoo. Kalamu hii nimeishika mara tatu nikaiweka, naomba unisaidie kabla sijaiweka tena. Mimi ni dobi katika hoteli moja hapa Bofa, kwetu Machakos, nina mke na watoto wanne, na mnazi nimeunywa miaka kumi na moja bila kuona shida mpaka siku ya wazazi mwaka jana shuleni kwa binti yangu Monicah, ambapo nilisimama kutoa shukrani kwa niaba ya wazazi bila kutumwa na mtu, nikashukuru mpaka mbuzi wa mwalimu mkuu, kisha nikakaa nikidhani nyuma yangu pana kiti kumbe ni sufuria ya pilau, na sasa siku hiyo imekaribia tena, ni mwezi ujao, Monicah atapewa zawadi ya hesabu, na juzi nikimpigia pasi sare yake akaniambia taratibu, "Baba, mwaka huu mama atatosha." Bibi, angenitukana ningelala.*

*Basi Joram, ninayefua naye, akanieleza kuna watu walioacha pombe ambao hukutana kila Jumamosi wakasaidiana wasirudi, hawatozi kitu wala hawaulizi dini, na hapa Kilifi wapo ila hajui ni wapi. Nimewatafuta wiki sita. Kanisani nilimwambia katekista natafuta kundi la wanaume, akanitia kwaya, nimeimba besi Jumapili mbili. Hospitali niliona haya nikasema tumbo, nikapewa dawa ya minyoo. Ofisini kwa chifu karani akaniuliza mkutano huo una kibali na mwenyekiti wake ni nani. Na kila nikiwakosa, nisikufiche, hupita kwa Mbeyu muuza mnazi nipoze machungu ya kutafuta. Nifanye nini? Jina langu usilifiche, mlevi wa Bofa hafichiki. Ni mimi Musyoka.*

Marahaba. Nilicheka mpaka kwenye pilau, nilipofika kwenye pasi nikarudia kusoma polepole. Mtoto huyo hajakuchukia. Angekuchukia asingesema taratibu.

Sasa nisikilize. Shule mimi nilikomea darasa la pili, lakini mnazi nimeuza Tezo miaka ishirini na miwili, watoto wangu wote wamevaa viatu kwa mnazi huo, kwa hiyo sitakuambia ni maji ya shetani. Nitakuambia ninachokijua. Muuza mnazi huwajua watu wake kuliko katekista. Mteja akifa, tunaletewa habari. Akisafiri, hurudi na kiu. Lakini mteja mzima wa afya, anayepita mlangoni akakuamkia vizuri asiingie, huyo ana mahali.

Nilikuwa na mmoja wa namna hiyo, jina nalifungia. Alikunywa kwangu kila siku, ghafla akakata mguu. Nikajua nimeibiwa, kuna mwanamke anauza mnazi mtamu kuliko wangu. Jumamosi moja nikajifunga leso nikamfuata mpaka nyuma ya kinu kimoja cha kusagia mahindi, kipi sisemi, matusi ya huyo mwanamke nimeshayapanga moja baada ya jingine. Nikakuta watu saba kwenye mabenchi, wanacheka.

"Nani anawauzia nyinyi?" nikauliza.

Wakanionyesha birika. Chai ya tangawizi, Musyoka. Nimenyang'anywa mteja na birika.

Yule wangu akasema, "Mama, karibu ukae, ila hapa hatununui." Nikakaa na hasira zangu. Nilipoinuka sikuwa nazo. Waliyoyasema siyaandiki, si yangu, na mahali pao sipatangazi gazetini, maana wale hawataki kutazamwa kama maharusi. Ndiyo maana utauliza kwa mdomo.

Na hospitali urudi, useme pombe. Ukisema tumbo utatibiwa tumbo. Mtu aliyekunywa miaka kumi na moja akiacha ghafla, mwili waweza kumgeuka akatetemeka vibaya, muuguzi lazima ajue mapema. Usione haya, yeye ameona makubwa kuliko wewe.

Monicah usimwahidi kitu. Ahadi huyo ameshashiba. Nenda Jumamosi hii, na ijayo, na ya tatu, umpigie pasi sare yake unyamaze. Siku ya wazazi ikifika atakutazama macho mwenyewe. Akikuita, nenda ukae unapoonyeshwa, na utazame nyuma kwanza. Asipokuita, baki nyumbani, na Jumamosi uende tena kwa wenzako, hukuendea zawadi.

Mbeyu atanuna. Mwambie umetumwa na Hannah wa Tezo, atanyamaza, kuchuja mnazi nilimfundisha mimi. Kesho asubuhi, kabla mgema hajamletea mnazi, simama nje ya mlango wake, mikono nyuma, umuulize ni wateja gani wazima wanaomwamkia siku hizi wasiingie. Akikutajia jina, shukuru, umtafute mtu huyo kabla jua halijatua. Na Mbeyu akikusogezea kiti, mwachie kiti chake.