Nusu Duara ya Dirishani

Baba Riziki,

Miezi mitatu sasa tangu tukuzike, na nimechoka, ndugu yangu. Gari lako bado linawaka kwa kubembelezwa. Kaseti zako zimo mlemle. Vyumba vya kutandika mazulia kwenye maghorofa ya St. James Town havijaisha: sebule na koridoo, mistatili mitupu, kazi ya kufanya umefumba macho.

Unaikumbuka ile sebule ya kwanza tuliyotandika pamoja kule Markham? Mimi mwalimu wa hesabu kutoka Uvira, miaka kumi na mmoja ubaoni, nikaigawa vipande vitatu, nikajumlisha, nikatoa mahali pa nguzo, nikaagiza eneo kamili bila kupoteza hata kiganja. Zulia likaja, tukalikunjua, halikutosha. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya ndoo ya gundi. "Mwalimu, zulia halijui eneo. Linajua upana." Jora lina upana wa futi kumi na mbili, na manyoya yote lazima yalale upande mmoja, kona haijazwi kwa vipandevipande kama kiraka cha suruali. Tangu siku hiyo ukaniita Mwalimu kwa kunitania, na mwenye kufundisha ulikuwa wewe.

Nina jambo la kukuambia. Ile nyumba ya Richmond Hill, ya yule mama Mhindi aliyezaliwa Mwanza, tuliipima mimi na wewe wiki mbili kabla hujalazwa. Ulichora kwenye ubavu wa boksi la konflesi, kama kawaida yako. Sebule kumi na nane kwa kumi na mbili. Chumba cha kulia kumi kwa tisa. Mimi nilishika upande wa pili wa tepu.

Wiki iliyopita nikaenda kutandika. Nikanyoosha zulia hadi mwisho, na pale kwenye dirisha lililotokeza nje kama kitambi ikabaki nusu duara ya mbao tupu. Nane kwa upana, nne kwenda mbele. Hukuichora. Wewe, uliyekuwa ukipima hadi ndani ya kabati la viatu!

Yule mama akasimama mlangoni. "Nani alipima hapa?"

Nikasema mimi. Ningesemaje vingine, na wewe huwezi kujitetea? Bahati nzuri duka lilikuwa na mabaki ya jora lilelile. Nikakata nusu duara, nikaiunga kwa mkanda na pasi, magoti yakinilalamikia. Mshono hauonekani mpaka uiname. Mimi nauona.

Lakini si mshono unaonisumbua. Lile boksi nimelitazama mara nyingi. Mstari wako wa mwisho unatetemeka, Baba Riziki. Siku ile uliketi kwenye ngazi ukijifuta jasho, ukasema, "Ni joto tu," na nje theluji ilikuwa inaanguka. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nikasoma namba, nikalikunja boksi, basi. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu maisha yangu yote, na kosa lako moja, lililokuwa likiniambia kwamba unaumwa, likanipita. Naona aibu. Nisamehe.

Siku hizi upande wa pili wa tepu anashika mkeo. Alikuja mwenyewe, akasema amechoka kuzungumza na kuta. Ana mkono mzuri kuliko wangu. Ukimuuliza hali, anajibu "niko sawa" kwa sauti yako ileile.

Jana alinisomea kumi na nne mahali pa kumi na tano. Nikaiweka tepu chini, nikamtazama, nikamuuliza amekula lini. Alikuwa hajala tangu juzi. Tukakiacha chumba cha watu kikiwa nusu, tukaenda kula. Alilia kidogo juu ya sahani, kisha akaimaliza.

Pumzika, fundi wangu. Nakuahidi: nitausoma kwanza uso wake, halafu namba.

Ni mimi, Mwalimu uliyemfundisha.