Kipe Bila Maji

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini naiweka hapo kwa sababu uliwahi kunikemea nikiwa kichwa chini miguu juu, ukasema hata anayetembea kwa mikono ana mdomo wa kuamkia wakubwa. Basi nimekuamkia. Nimekaa nyuma ya nyumba yako hapa Ujiji, kwenye lile benchi lako lenye mguu mmoja mfupi, na ziwa ninaliona kipande tu, kati ya bati la jirani na mgomba. Nimerudi juzi kutoka kwenye michezo. Watu wamekuja kunipongeza, wamekunywa chai, wameondoka. Wewe ndiye niliyetaka kumsimulia.

Uliniomba jambo moja tu, unakumbuka. Medali hukuitaka, ulisema medali ni ya watu wenye kabati la vioo. Ulitaka nikishuka kutoka kwenye ile miti miwili mbele ya mataifa, nishuke kwa miguu yote miwili nisimame. Nisiyumbe, nisikae chini, na zaidi ya yote nisibane pua. Nitakuambia ilivyokuwa. Ila sitaki kufika huko haraka, maana barua hii ikiisha sijui nitaongea na wewe kwa njia gani tena.

Yote yalianzia kwenye banda la video pale Gungu, nikiwa shule ya msingi. Ilikuwa mbalamwezi, na mbalamwezi mvuvi wa dagaa hana kazi. Mwezi ukiwaka hivyo, taa za kipe hazimdanganyi samaki yeyote, basi mnakaa nchi kavu mnagombana na wake zenu. Ulinichukua twende tukaangalie mpira. Tukakuta mpira umekwisha, na televisheni inaonyesha wanaume waliovaa suruali nyeupe, mmoja mmoja anapanda kati ya miti miwili, anabembea, anasimama kwa mikono, anaiachia, anazunguka hewani na kuidaka tena. Watu wakaanza kupiga kelele chaneli ibadilishwe. Wewe ukasimama.

"Acheni kwanza! Hicho si kipe? Hicho ni kipe bila maji!"

Walikucheka sana. Lakini nani mwingine angeliona hilo? Kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, miti imelazwa kutoka huu mpaka ule, wavu unashuka katikati. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuning'inia kwenye miti hiyo kila kipe chako kilipotia nanga, na nyumbani nilikuwa nimeshavunja mitungi miwili ya Mama kwa kutembea kwa mikono. Wengine waliona mtoto mtundu. Wewe ulitoka bandani unanitazama mabega kama fundi anayepima mbao.

Kesho yake ukaisogeza miti miwili ikaribiane, ikakaa upana wa mabega yangu. Ukaipa majina ya pacha kama Waha wanavyowaita, mkubwa Bukuru na mdogo Butoyi, ingawa Bukuru wako ndiye aliyekuwa mwembamba. Mama alipofika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na kunikuta nimesimama kwa mikono juu ya maji, alitupa beseni la dagaa.

"Kaka, ukiniulia mtoto, utamzaa mwingine wewe?"

Ulimjibu kwamba chini ni maji, na maji hayajawahi kumvunja mtu mguu. Mama hakuongea nawe mpaka giza la mwezi liliporudi na ukampelekea migebuka, samaki awapendao.

Sijui niite yale mafunzo au niite kelele. Hukujua hata jina moja la mitindo ile. Ulichokijua ni wimbi. Kipe hakitulii hata kikitiwa nanga, na ulikuwa unakaa kwenye mtumbwi wa pili, kofia imeshuka machoni, unatazama maji badala ya kunitazama mimi. Nikisimama kwa mikono unaniambia, "Ngoja... ngoja..." mpaka wimbi lipite chini yetu, ndipo unasema, "Haya!" Nami naachia. Nikiachia kabla ya haya yako, Bukuru ananipiga ubavuni. Alama moja ninayo mpaka leo.

Na nikimaliza najitosa ziwani. Najikunja, nabana pua, pwaa. Miaka yote ile ndivyo nilivyoshuka, na hakuna kati yetu aliyewaza kwamba kuna namna nyingine ya kushuka.

Mjomba, bado nikikumbuka siku ile ya kwanza Dar es Salaam, nilipoitwa kujaribiwa timu ya taifa, nacheka peke yangu. Nimepanda vizuri, nimebembea vizuri, makocha wameanza kunong'onezana. Nikaachia, nikazunguka hewani, kisha mwili ukafanya ulichokizoea. Nilijikunja, nikabana pua, nikatua kwa makalio juu ya mkeka, macho nimefumba, pumzi nimezuia. Kocha akanijia taratibu akauliza, "Kijana, hapa kuna maji wapi?" Nilikupigia simu nikilia. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukampa Mama simu, naye akacheka, nikabaki naambulia vicheko vya familia nzima kwa vocha yangu mwenyewe. Ulipopata pumzi ukasema, "Basi rudi nyumbani tukufundishe kufika."

Ndipo ukachimba mashimo mchangani. Kila mbalamwezi uliifungua miti yako kwenye kipe ukaisimamisha juu ya nguzo pale mwaloni, na giza likirudi unaifungua tena na kuifunga kwenye mitumbwi, maana dagaa nao walikuwa wanawaita. Masudi, baharia wako, alichoka mapema.

"Nahodha, kwani siku hizi sisi ni wavuvi au ni sarakasi?"

"Wewe ni mvuvi," ukamwambia. "Na lile shimo la kule, lichimbe zaidi."

Mchangani ndipo uliponiletea ile desturi ya mwaloni. Boti likigusa nchi, walio nchi kavu wanauliza, "Mmefika?" Walio ndani wanajibu, "Tumefika." Hata kama wote mnaonana, hata kama mnashikana mikono, hakuna anayegusa mzigo kabla ya jibu hilo. Ulisema asiyeitika bado yuko majini, mwili wake tu ndio umetangulia. Basi kila nilipotua kutoka kwa Bukuru na Butoyi uliniuliza, "Umefika?" Nikiyumba, siruhusiwi kuitika. Nikipiga hatua ya ziada, siruhusiwi. Nilikula mchanga mbalamwezi nyingi sana kabla ya kuitika mara ya kwanza, na siku hiyo Masudi ndiye aliyeruka juu kuliko wote.

Sasa nifike mahali nisipopapenda.

Nilikuwa kambini Dar, tunajiandaa kwa michezo hii, Mama alipopiga simu asubuhi. Alisema kifua. Ulikuwa umelalamika kifua tangu jana yake, ukakataa kwenda hospitali mpaka umalize kushona wavu. Ndivyo ulivyokuwa, mkaidi, na bado nina hasira na wewe kwa hilo, Mjomba. Nakuambia wazi kwa kuwa hata ungekuwa hai ningekuambia, na ungenitupia kandambili. Nilipanda basi saa ile ile. Kigoma ni mbali, ukakata roho nikiwa bado njiani, na maiti wa Kiislamu hasubiri mpwa wake. Nilipofika ulikuwa umeshazikwa, udongo bado mbichi, na mtu ameshaondoa hata majembe. Sikukushika, sikukubeba. Wewe uliyenibeba mabegani kutoka mwaloni kila nilipoteguka mguu.

Masudi ndiye aliyenipokea stendi. Alinikumbatia, kisha, kwa mazoea tu, akaniuliza, "Umefika?" Nilifungua mdomo neno halikutoka. Tulitembea mpaka nyumbani sijaitika. Toka siku hiyo neno lile likanishinda kabisa. Kocha akipiga simu, "Umefika?", namwambia, "Nipo." Mama akiuliza, namwambia, "Ndiyo, Mama."

Kipe chako kimeuzwa kwa watu wa Katonga. Taa siku hizi ni za sola, zile karabai zako zinazonguruma Masudi amezitundika sebuleni kama picha za harusi. Miti yako ilibaki hapa nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameshaanza kuanikia mashuka, na jirani aliitaka kwa nguzo za banda la kuku. Nilitaka kumpa. Nilikuwa nimeamua sirudi kambini. Mama alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Mjomba wako hakuchimba yale mashimo apande mihogo," akasema.

Nikarudi kambini.

Huko kwenye michezo ni kuzuri, usifikiri nitakudanganya kwamba nilikuwa na huzuni muda wote. Chakula unajipakulia mwenyewe, mara nyingi kadiri unavyotaka. Kuna kijana mmoja mwenye nywele nyekundu tuliyeelewana naye kwa ishara tu. Siku ya miti sambamba, maana jina lake rasmi ndilo hilo, kila mtu anatoa vitu vyake vya kupaka mikono. Nilishangaa kuona na wao wanatumia asali, kidogo tu viganjani, kisha chaki juu yake, ili mti usikuteleze. Asali yao ni ya chupa za dukani. Mama alikuwa amenifungia yetu kwenye chupa ya maji, imezibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Yule wa nywele nyekundu alionja, akaniangalia, akaonja tena. Nilimwachia yote.

Miti yenyewe inanepa kidogo, lakini haitembei, Mjomba. Imesimama pale kama imelala usingizi. Niliitwa jina na nchi, nikainua mkono, nikashika. Wa kulia nikamwita Bukuru kimoyomoyo.

Kubembea kulikwenda vizuri. Kuachia na kudaka kulikwenda vizuri. Kisha nikapanda kusimama kwa mikono, ile ya mwisho kabla ya kushuka, nikanyooka, na pale juu nikakwama. Nilikuwa nangoja wimbi. Nakuapia, nilikuwa nalingoja lipite, na wimbi halikuja, na hakuna aliyesema ngoja na hakuna aliyesema haya. Kocha anasema nilikaa pale juu mpaka akadhani nimesahau kilichobaki. Majaji wakanikata alama, na ni haki yao, wao hawajui ziwa. Damu ilikuwa inanishukia kichwani, na nililia, Mjomba, nikiwa kichwa chini, machozi yakawa yanaingia kwenye nyusi badala ya mashavuni. Nikaelewa kwamba hutasema. Nikisubiri sauti yako nitaanguka.

Nikasema mwenyewe, "Haya."

Nikabembea, nikaachia, nikazunguka mara mbili. Mkeka ukaja. Miguu yote miwili ikaushika, magoti yakakunjika kidogo kama ulivyofundisha, nikasimama. Sikuyumba. Sikupiga hatua. Mikono yangu ilikuwa wazi pembeni, mbali na pua.

Nilipaswa kuwageukia majaji mara moja na kuinua mkono. Sikugeuka. Nilibaki nimesimama natazama mbele, kwa sababu kulikuwa na jambo halijaisha. Nikalisema kwa sauti ya kawaida, kwenye ukumbi ambao hakuna aliyejua Kiswahili isipokuwa kocha wangu.

"Nimefika."

Nilimaliza karibu na mkia. Fainali niliiangalia nikiwa kwenye viti, pamoja na watazamaji. Ungeuliza, ndiyo maana nakuambia.

Lakini kuna jambo sikulijua mpaka juzi. Mama alinisimulia nilipokuwa bado nimeshika begi mlangoni. Mashindano yaliangukia mbalamwezi. Kwa hiyo mwalo mzima ulikuwa nchi kavu, na Masudi akawakusanya kwenye lile lile banda la Gungu, akaunganisha simu kwenye televisheni, akakataza mtu yeyote kutaja mpira. Mama alikaa mbele kabisa, mtandio umemfunika nusu ya uso, hataki kuona na hataki kuacha kuona. Nilipokwama pale juu, anasema banda lote lilikuwa linanong'ona, "Ngoja... ngoja..." Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamekusikia wewe miaka yote. Na nilipotua, kabla sijafanya lolote, Masudi akaipigia televisheni kelele.

"Umefika?"

Mama anasema waliona midomo yangu. Sauti haikutoka kwenye simu ile, ila waliisoma midomo, kila mmoja, na Masudi, mtu mzima na ndevu zake, akatoka nje akasimama ukutani.

Miti nimeiosha, Mama ameondoa mashuka yake. Jirani nimemwambia atafute nguzo nyingine. Nakuahidi hivi: mbalamwezi ijayo nitakuwa mwaloni, mimi na Masudi tutachimba mashimo yale yale, na Bukuru atakaa kulia na Butoyi kushoto. Mtoto yeyote wa Kigoma atakayetaka kupanda, wa kiume au wa kike, atapanda. Sitamruhusu kubana pua. Na akitua nitamuuliza, na asipofika sitamruhusu kuitika, hata kama mama yake anatutazama na beseni mkononi.

Nakuaga sasa. Nitatembea mpaka makaburini na barua hii mfukoni, nitakusomea polepole, maana ulikuwa unasema nasoma kama ninafukuzwa. Nikimaliza nitakaa kidogo. Siku ile ulitangulia mimi nikiwa njiani, na hakukuwa na mtu wa kukuuliza unavyotakiwa kuulizwa. Mimi ndiye niliyechelewa, basi nakuuliza mimi.

Mjomba, umefika?