Koti la Baba Chini ya Gurudumu

Jumapili, saa kumi alasiri. Songea kuna ile baridi ya mwezi wa saba inayofanya watu waende misa ya kwanza wamejitanda mashuka. Jua limetoka lakini halina nguvu. Nimekaa mezani mbele ya lori langu, na paka wa jirani ananiangalia.

Huyo paka ndiye amenifanya niandike leo.

Mnaonisoma mnaujua ugonjwa wangu wa kutengeneza magari madogo ya jeshi. Niliishia darasa la saba, lakini mikono Mungu alinipa. Hili la sasa limenichukua miezi mitano. Bodi ni kopo la mafuta ya kula, matairi nimekata kwenye soli za kandambili, vioo ni chupa ya maji. Ni lori la baba.

Baba alikuwa dereva jeshini wakati wa vita vya Kagera. Mambo mengine ya huko hakuyasema. Alichopenda kusimulia ni siku moja tu, siku lori liliponasa kwenye tope mpaka ekseli, mvua inapiga, akavua koti lake zito la jeshi akalitandika chini ya tairi la nyuma. Lori likatoka. Koti akaliokota, akalifua, akarudi nalo kijijini kwetu Maposeni. Alilivaa mpaka mwaka jana alipofariki.

Nilitaka kuitengeneza siku ile. Lori limelala ubavu kidogo, askari wawili wa udongo wanasukuma, na chini ya gurudumu kuna koti.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuchakaza. Gari likitoka kwenye rangi linang'aa kama mwanasesere, lazima ulizeeshe. Kutu naipata kwa kuloweka stiliwaya ya kusugulia sufuria kwenye siki. Weusi wa bomba la moshi ni masizi ya kibatari. Matope ni udongo mwekundu wa nyumbani, nauchekecha kwa chujio la chai kisha nachanganya na gundi ya mbao. Hayo yote yalikubali.

Koti ndilo lilinigomea. Nilijaribu suruali kuukuu, nikajaribu gunia, nikapaka bandeji rangi ya kijani. Kila nilichoweka kilibaki kitambaa tu. Na koti lenyewe lilikuwa chumbani kwangu, ndani ya sanduku la nguo za marehemu. Mama alitukabidhi tulitunze kwa sababu nyumba yake ilikuwa inabadilishwa bati. Kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka ndugu wote wakae na shangazi azigawe. Hata kuzianika unaomba kwanza.

Nilifungua sanduku. Nikakata kwa wembe, upindo wa ndani, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Nilijiambia kwamba upindo hauonekani. Na niseme ukweli wote, halikuwa jambo la lori peke yake. Baba alishatamka kwamba koti ni la Kasiani, mdogo wangu anayelima tumbaku Namtumbo. Mimi mkubwa niliachiwa redio. Nilitaka na mimi kipande.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikaa wote mkekani kwa mama, Maposeni, tukagawa. Kasiani alivaa koti, likamkaa mpaka mama akafuta machozi. Akaingiza mkono ndani alivute vizuri, akasita.

"Hapa pameliwa," akasema.

Shangazi akavaa miwani, akalivuta karibu. "Panya hawa." Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama Tumaini, siku hizi huko mjini mnafuga panya? Nguo za mzee tumekupa mwaka mmoja tu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutaka jambo lipite. Mama hakucheka. "Ningejua ningeziacha kwa jirani," akasema.

Mke wangu alipiga goti palepale. "Nisamehe, mama. Sikuwa makini."

Panya hali kwa mstari ulionyooka. Mtu angelitazama vizuri angeona ni wembe. Hakuna aliyetazama, kwa sababu mtu wa kulaumiwa alishapatikana. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipopiga goti.

Nikanyamaza.

Wiki nzima hii nimemtazama akihangaika. Jumatatu alitoa kila kitu chumbani, akaziba matundu kwa matambara. Jumanne akatega mtego. Jumatano akaazima huyu paka, sasa anakula dagaa zetu. Kila asubuhi anakagua mtego, anaukuta mtupu. "Wajanja hawa," ananiambia. Mimi naitikia.

Jana nilikwenda kuungama. Nikapanga foleni, wakabaki watu wawili mbele yangu, nikaondoka. Padre angeniondolea dhambi, ningerudi nyumbani mwepesi, na mke wangu angeendelea kulisha paka. Niliona natafuta mlango wa nyuma. Leo sikwenda kukomunika. Mama Tumaini aliporudi kwenye benchi alinitazama, akanisogezea kitabu cha nyimbo, hakuuliza.

Hilo la kutouliza ndilo lilinimaliza.

Baada ya chakula nilimwita mezani. Kazi zangu zote yeye huwa wa kwanza kuziona, hii tu nilikuwa naifunika. Nikafunua. Nikamwonyesha chini ya gurudumu la nyuma, kikoti kidogo, kina kola na mikono, kimezama nusu kwenye tope.

Aliinama. Akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Kwa hiyo paka nimrudishe," akasema.

Nilianza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. "Nimekusikia, baba Tumaini. Lakini mimi sikutajwa humu ndani. Nilitajwa mkekani, mama yupo, shangazi yupo, watoto wa Kasiani wapo." Akafika mlangoni, akageuka. "Na paka mrudishe wewe. Jirani akiuliza panya wameishaje, mjibu."

Nimebaki hapa na lori. Nimejaribu kukichomoa kile kipande angalau nikirudishe, hakitoki. Gundi imeshika, udongo umeingia kwenye nyuzi, rangi yangu imekula rangi yake. Kitambaa kile hakikuhitaji kuchakazwa na mtu. Baba alikitoa kwenye matope akakifua. Mimi mwanaye nimekirudisha humo humo, nikaita ufundi.

Nimempigia Kasiani. Nimemwomba Jumamosi aje Maposeni, aje na koti, na shangazi nimwite mimi. "Kuna nini tena, kaka?" akauliza. Nimemwambia nitasema tukikaa wote, kwenye mkeka ule ule. Lori nitakwenda nalo. Mama atanitazama kama alivyomtazama mke wangu, na goti nitapiga mimi.

Hiyo ni Jumamosi. Leo bado ni leo. Namsikia jirani uani kwake anachambua mchicha, na paka amelala juu ya daftari langu, ameshiba, hana habari.

Naanza na paka.